Wazee wanasema magari ya kisasa ya mbio hayana roho. Je, niuze Peugeot 504 ya baba ninunue Subaru?

"Shikamoo mzee. Niko Tabora mjini, nina miaka 34, nafanya biashara ya asali. Marehemu baba alituachia Peugeot 504 ya mwaka 1979, petroli, gia za mkono, na bado inatembea vizuri. Rafiki yangu wa Dar ananiuzia Subaru Impreza WRX STI ya 2004. Ili niimudu lazima niuze 504, na mteja tayari yupo. Nilipewa hiyo STI nikaiendesha hadi Nzega na kurudi. Ina mbio za ajabu, lakini kwenye 120 nilihisi kama nimekaa sebuleni, na nilipoitafuta raha nikajikuta niko 170, nikaogopa. Kesho yake nikawasha 504, nikaenda nayo Igombe kwa mwendo wa 60, nikarudi natabasamu peke yangu. Wazee waliokuwa marafiki wa baba, wanaokutana gereji pale Kanyenye, wanasema gari za siku hizi zinaendeshwa na kompyuta, dereva amekuwa abiria, bodi ni bati la kopo la soda, na turbo ni ugonjwa wa kununua kwa hela yako. Vijana wenzangu wanasema nang'ang'ania mkweche kwa sababu ya majonzi. Mke wangu naye hataki watoto wetu wawili wapande 504 kwenda kwa bibi yao Urambo; yeye ana IST yake. Nani yuko sahihi? Ni kumbukumbu ya baba tu, au kweli kuna kitu?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Ndani ya barua yako kuna maswali matatu yaliyofungwa pamoja: kwa nini gari lenye nguvu ndogo limekupa raha kuliko lenye nguvu nyingi, kama wazee wa Kanyenye wana hoja au wanaulilia ujana wao, na gari la baba ulifanye nini. Wengi wangekimbilia hilo la mwisho. Mimi naanza na la kwanza, kwa sababu ulichokihisi njiani kina chanzo cha kiufundi, na ukishakielewa haya mengine yatakuwa mepesi kuamua.

Majonzi yapo, wala hayana ubaya. Mtu hakai kwenye kiti alichokalia baba yake asihisi kitu. Lakini wapenzi wa magari ya zamani wa Uingereza, Japani na Marekani, watu ambao hawakumjua baba yako, wanasema neno kwa neno ulichoandika wewe: gari jipya lina mbio, la zamani lina raha. Watu wasiofahamiana wakikutana kwenye hisia moja, basi sababu yake iko kwenye chuma na mpira.

Anza na tairi. 504 ilitoka kiwandani na tairi la upana wa milimita 175, lenye ubavu mrefu na laini, kwenye rimu ya inchi 14. STI unayouziwa ilitoka na tairi la milimita 225, ubavu mfupi mgumu, rimu ya inchi 17, na magurudumu yote manne yanasukuma. Ukiingia nayo kona kwa 60, tairi hilo halijaanza hata kazi. Halina la kukuambia kwa sababu hakuna linalolisumbua. Lete 504 kwenye kona ile ile kwa mwendo ule ule: bodi inalala upande, springi ya nje inabonyea, ubavu wa tairi unajikunja kidogo, usukani unakuwa mzito mkononi, kisha kadiri tairi la mbele linavyokaribia mwisho wa uwezo wake, ule uzito unaanza kupungua. Hapo mikono yako imeshajua, kabla macho hayajajua, kwamba ukiongeza mwendo pua ya gari itaanza kwenda nje. Unapunguza mafuta, bodi inarudi, unaendelea. Hayo yote yametokea kwenye 60, na ungekosea kidogo ungeishia kupunguza mwendo na kupumua.

STI nayo ina maongezi ya aina hiyo. Tatizo ni kwamba inayaanza kwenye mwendo ambao barabara ya Nzega haina nafasi nao. Ndiyo maana uliitafuta raha ukajikuta kwenye 170. Naomba nikuambie kama mzazi: usirudie. Nishati ya gari linalotembea hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 100 hadi 140 inakaribia kuwa maradufu, na breki zinalazimika kuimaliza yote. Kwenye 170 inakaribia mara tatu ya ile ya 100. Barabara ile ina ng'ombe, baiskeli za mkaa, na watoto wanaotoka shule, na kwenye vijiji kikomo ni 50. Tairi pana na breki nzuri hazimzuii mtoto kuvuka.

Kwa hiyo jibu la swali lako kuu ni hili: raha ya kuendesha hutokana na habari ambazo gari linakupa kabla halijafika mwisho wa uwezo wake, na gari la zamani linaanza kuzitoa mapema, kwenye mwendo ambao mtu wa kawaida anaweza kuutumia kihalali. Wapenzi wa magari ya zamani mara nyingi husema "roho" wakiwa na maana ya hilo, ila hawalielezi hivyo. Wanachokililia ni kitu cha kweli, ingawa sababu wanazozitoa mara nyingi siyo zenyewe.

Tairi lina mwenzake: uzito. Chukua mfano wa Golf GTI ya Volkswagen. Ilipotoka mwaka 1976 ilikuwa na kilo zipatazo 810 na nguvu za farasi 110. Ya mwaka 2020 ilipita kilo 1,400 na ilikuwa na nguvu 245. Ukienda kwa wakubwa ni zaidi: BMW M3 ya kwanza, ya mwaka 1986, ilikuwa na kilo zipatazo 1,200 na nguvu kama 200, wakati M5 iliyotoka 2024 imezidi kilo 2,400 na nguvu 700. Uzito ule haukuongezwa kwa ujinga. Kuna eabegi (mifuko ya hewa ya kumlinda aliyemo ndani), milango yenye nondo ndani, viti vya umeme, vizuia kelele, na siku hizi betri. Lakini ili gari zito liende kasi na lipinde kona, linahitaji tairi pana zaidi, springi ngumu zaidi, breki kubwa zaidi, na kila kimoja kati ya hivyo kinakisogeza kikomo mbali zaidi na dereva. Injini inaongezewa nguvu ya kuubeba uzito, gari linakuwa na kasi zaidi, na wewe uliyekaa ndani unahisi kidogo zaidi.

Sasa tuwageukie wazee. Nawaheshimu, na baadhi yao ndio waliotufundisha wengi wetu kushika spana. Tuanze na kompyuta. Ni kweli kwamba kwenye magari mengi ya mbio ya leo usukani unasaidiwa na mota ya umeme, na programu ndiyo inayoamua uzito wa usukani mkononi mwako. Ukiushika ni kama kusalimiana na mtu aliyevaa glavu: mkono upo, joto lake hulipati. Porsche ilipoihamisha 911 kutoka haidroliki kwenda umeme mwaka 2011, wapenzi wake walipiga kelele dunia nzima. Lakini STI ya 2004 haimo kwenye kesi hiyo. Usukani wake ni wa haidroliki, gia zake ni sita za mkono, na kompyuta yake inahusika zaidi na injini, ABS (kifaa kinachozuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki) na kugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Aliyekuambia hiyo inajiendesha hajaishika. Ulihisi uko sebuleni kwa sababu ya tairi, uzito, na injini iliyokuwa inatembea bila jasho.

Hata hao wazee wangeikuta STI hiyo Uingereza au Japani, wangeiona inapaki pamoja na magari yanayotunzwa kama urithi. Hili ni la kuzingatia: mpaka wa "gari halisi" unahama na umri wa anayesema. 911 ya mwaka 1989 ilipokuja na pawa stelingi na ABS, kuna waliosema mchezo umeisha. Ilipoacha kupozwa kwa hewa ikaanza kupozwa kwa maji mwishoni mwa miaka ya 1990, wengine wakasema hiyo siyo 911 tena. Leo magari yote hayo mawili yanatafutwa na watu walewale wanaolalamikia ya sasa. Kwa hiyo sehemu ya lalamiko ni ujana, kweli. Sehemu nyingine ni hasara halisi, na ushahidi wake ni kwamba watengenezaji wenyewe wameisikia. Porsche ilitoa 911 GT3 ya 2013 kwa gia za otomatiki tu, na kufikia 2017 gia za mkono zikarudi. BMW M5 ya 2011 ilikuwa kimya mno ndani hadi sauti ya injini ikapigwa kupitia spika, na mtu akishafika hapo amekiri kwamba kuna kitu kimepotea. Toyota walipotengeneza GT86 ya 2012 waliipa injini isiyo na turbo, nguvu 200, na tairi zisizo pana, kwa makusudi, ili dereva akifikie kikomo mapema. Na Gordon Murray, yule aliyebuni McLaren F1 ya 1992, amekuja na T.50 yenye kilo chini ya 1,000 na gia za mkono, gari la matajiri wachache, lakini mawazo yake ni yale yale ya wazee wako: ondoa uzito, mpe dereva kazi.

Hili la bodi kuwa bati la kopo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linaua. Wazee wanaona gari la kisasa limejikunja mbele kama karatasi baada ya ajali, wanaona Peugeot ya zamani ina mbonyeo mdogo, wanahitimisha kwamba la zamani ni imara. Wamwangalie pia aliyekuwa ndani. Katika ajali, nishati ya mwendo lazima iende mahali. Pua ikijikunja, inaila nishati ile polepole, na chumba cha abiria kinabaki kizima. Pua isipojikunja vizuri, nishati inapita hadi kwenye usukani, kwenye kifua, kwenye shingo. Wazo hilo lilitoka kwa mhandisi wa Mercedes, Béla Barényi, na likaingia kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1959. Mwaka 2009 taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima ya Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959, chuma kizito cha kupendeza, na Chevrolet Malibu ya 2009. Chumba cha Bel Air kiliporomoka juu ya sanamu la dereva, na kwa vipimo vyake mtu halisi asingepona. Dereva wa Malibu angetoka na jeraha la mguu. 504 imepita Bel Air kwa uhandisi, hilo nalikubali, lakini haina eabegi, haina ABS, na muundo wake wa kuvunja mgongano ni wa miaka ya 1960, kwani gari lenyewe lilitoka 1968.

Kwa hiyo mkeo yuko sahihi, na nakuomba umwambie hivyo waziwazi. Safari ya Urambo na watoto ifanyike na IST, mikanda imefungwa hadi kiti cha nyuma, na taa za onyo za ABS na eabegi ziwake ukifungua swichi kisha zizimike zenyewe. Ikiwa mojawapo haiwaki kabisa, kuna uwezekano mtu aliing'oa balbu ili kuficha ubovu. Sijali kama IST haina heshima ya 504 wala mbio za STI. Kwa watoto ndiyo bora kati ya hayo uliyonitajia, kwani ndiyo itakayoendeshwa taratibu huku ina vifaa vya kuwalinda.

Tofauti moja nikupe kuhusu ABS, kwa sababu nusu ya njia zetu bado ni vumbi. Kwenye changarawe iliyolegea, gurudumu lililofungwa hujikusanyia kokoto mbele yake na kusimama mapema kidogo, wakati ABS, kwa kulizuia lisifunge, inaweza kurefusha umbali wa kusimama. Wazee wakikuambia hivyo hawajakosea. Ila ABS inakuachia usukani ukiwa umekanyaga breki, na kwenye lami yenye mvua hiyo ndiyo inayokupitisha pembeni ya ng'ombe. Kwenye vumbi ongeza nafasi. Kwenye lami shukuru kwamba ipo.

Kuhusu ugumu wa njia, wazee wana haki ya kujivuna. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, dereva wa Tanzania, enzi ambazo mashindano hayo yalipita nchi zote tatu za Afrika Mashariki, na 504 ikashinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden. Wasiache kutaja pia kwamba Subaru Impreza ilishinda Safari ya 1997 na Colin McRae, na ya 2000 na Richard Burns. Tofauti yake ni kwamba ile 404 ilikaribiana sana na gari lililouzwa dukani, wakati Impreza ya McRae ilijengwa maalumu kwa mashindano. Kwa hiyo usinunue STI ukiamini ushindi ule umo ndani yake. Springi zake ni fupi na ngumu, imekaa chini, na tairi la ubavu mfupi likiingia kwenye shimo la baada ya masika, rimu ndiyo inayopokea pigo. 504 yako ina springi ndefu na laini hadi nyuma, na kwa barabara mbovu ndiyo gari lenye adabu zaidi kati ya hayo mawili.

Turbo siyo ugonjwa. Ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, ikasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini. Hewa nyingi inaruhusu petroli nyingi, na nguvu inapatikana. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikiwa upande mmoja imekaa kwenye moshi wa moto mkali, na kinachoitenganisha na kifo ni utando mwembamba wa oili. Ndiyo sababu naogopa turbo iliyopita mikono mingi kuliko turbo yenyewe. Aliyemwaga oili kwa wakati, akatumia oili sahihi, na baada ya mbio akaiacha injini ikinguruma dakika moja mbili kabla ya kuzima, atakaa nayo miaka. Aliyenunua oili ya bei rahisi na kusukuma hadi mwisho ndiye aliyewapa wazee hadithi zao.

Hatari kubwa zaidi kwa STI hapa kwetu ni petroli, na vijana hawaitaji kabisa. Gari lile lilitengenezewa soko la Japani, ambako magari ya aina hiyo hunywa petroli ya daraja la juu, oktani karibu 100. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kujiwasha. Sisi tunajaza ile iliyopo kwenye kituo, ambayo ni ya daraja la kawaida. Turbo ikibana hewa, joto likapanda, petroli isiyovumilia hujilipua yenyewe kabla plagi haijamaliza kazi yake. Ndipo unasikia injini inagonga, kama kokoto ndani ya bati, au husikii kabisa kwa sababu ya muziki. Milipuko hiyo midogo inapiga kichwa cha pistoni na kuvunja kingo zinazoshika ringi. Kompyuta ina kisikizi cha kugonga na hurudisha nyuma muda wa cheche kujaribu kuokoa, lakini ina mwisho wake, hasa mchana wa Oktoba ukiwa umesukuma kilomita nyingi. Kama aliyekuwa nayo aliongeza presha ya turbo, au akaweka chujio la wazi la koni ili ipige mluzi, ujue hesabu za kompyuta zimeshavurugwa na vumbi la Tabora limeingia hadi kwenye silinda. Gari la namna hiyo mrudishie mwenyewe na asante.

504 haina hayo. Injini yake ya lita 2.0 ina block ya chuma, silinda zake ni sleeve zinazotoka (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka), na nguvu yake haifiki hata 100, hivyo haijibani. Sleeve zikilika, fundi mzuri anazitoa na pistoni zake na kuweka mpya bila kuchonga block. Kabureta na platini unarekebisha kwa bisibisi na filagenji (kipimo cha nafasi ndogo), ukikaa kivulini. Lakini vijana nao wana hoja ambayo wewe na wazee mnaikwepa: gari lenye miaka zaidi ya 40 lina mpira wenye miaka 40. Mipira ya breki inavimba kwa ndani na kuziba bila kuonekana nje. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na yakichemka kwenye mteremko pedeli inazama hadi chini. Tairi zinaweza kuwa na kashata nzuri na bado zimekufa: tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Zikizidi miaka 10, zitoe hata kama zinang'aa.

Basi uamuzi. Kwa maoni yangu, usiuze 504 kununua hiyo STI. Sisemi hivyo kwa ajili ya marehemu baba, ingawa naye ana sehemu yake. Nasema hivyo kwa sababu ulishalifanya jaribio mwenyewe kati ya Nzega na Igombe, na jibu likatoka. Utakuwa umetoa gari linalokupa raha kwa 60 ukapata linalodai 150, katika mkoa ambao barabara na petroli yake vinalinyima chakula. Na 504 nzima ambayo haijachomwachomwa na mafundi ukiiuza, hutaipata nyingine kirahisi. Usiitunze kwa kutegemea kwamba bei itapanda ikutajirishe, hilo sikuahidi. Itunze kama unaiendesha. Kama itakaa chini ya mwembe ikigeuka banda la kuku, muuzie huyo mteja wiki hii, mradi ni mtu atakayeipenda.

Ipo hali moja ambayo ningekuambia nunua STI: kama ungekuwa na fedha za kuinunua bila kugusa 504, na akiba ya pembeni ya kuitengeneza injini nzima, na unasafiri kwenda mahali penye uwanja wa mashindano uliofungwa ambako ungeitumia inavyotakiwa. Ni gari zuri mno, na silichukii. Nikiona injini ile ya boksa imelala chini namna ile, uzito wake wote karibu na ardhi, naona kazi ya watu wenye akili. Lakini hayo masharti hujaniandikia kwamba unayo.

Kama kiu yako ni kuwa na gari jipya kidogo lenye uhai, tafuta jepesi, lisilo na turbo, la gia za mkono. Suzuki Swift Sport ya lita 1.6, ile ya kati ya 2005 na 2010, ina kilo kama 1,060 na nguvu 125, ina ABS na eabegi, na inaanza kuongea na dereva mapema. Nalo Wajapani walilikusudia petroli nzuri, ila bila turbo kompyuta ina nafasi ya kutosha kujirekebisha. Kabla ya kuagiza, fungua kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, mamlaka ya mapato, uone ushuru wake, maana umri wa gari unaongeza kodi na wengi hugundua hilo gari likiwa bandarini tayari.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. 504 ipeleke kwa fundi ikaguliwe breki zote ikiwa imenyanyuliwa, magurudumu yametolewa, kabla hujasafiri nayo tena nje ya mji: mipira mipya, mafuta mapya ya breki, boljointi na bushi za mbele. Hilo lifanye hata kama inaonekana nzima. Ukiona pedeli inalainika ukikanyaga mara ya pili, au gari linavuta upande mmoja, usisubiri siku wazee watakapokutana gereji, lisimamishe leo.

Na kama pamoja na yote haya moyo wako bado uko kwa STI, usilipe hata senti kabla fundi anayezijua Subaru hajapima kompresheni ya silinda zote nne na kusoma kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, kwa mashine. Mwambie atoe plagi mezani, azipange kwa mpangilio wa silinda: kaure nyeupe ya plagi yenye vidoa vidogo vya kung'aa kama chumvi ni dalili ya kugonga. Atoe mpira wa hewa, aishike shafti ya turbo kwa vidole. Ikicheza juu na chini hadi feni inagusa ukuta, imekwisha. Rejeta ifunguliwe injini ikiwa baridi, iwashwe, na mtazame maji dakika kumi. Mapovu yasiyokoma ni gasketi ya hedi. Muuzaji akikataa lolote kati ya hayo, umeshapata jibu.

La mwisho ni la karatasi. Umeandika "alituachia", kwa wingi. Angalia kadi ya gari iko kwa jina la nani. Kama bado ni la marehemu, huwezi kuliuza wewe peke yako, hata ungekuwa na funguo na baraka za wazee wote wa Kanyenye. Familia ikae, imteue msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo imthibitishe, ndipo umiliki ubadilishwe TRA. Ongea na mama na ndugu zako kabla hujamjibu huyo mteja.